Seli Shina na Neva Zilizokatika: Hesabu ya Muda katika Nchi ya Chai

Majeraha ya neva katika kaunti za Kericho na Bomet nchini Kenya hufuata kazi na barabara za eneo lenyewe. Mchai hupogolewa kila baada ya miaka mitatu au minne, na kisu cha kupogolea, ambacho hunolewa hadi kiweze kukata tawi gumu kwa pigo moja, kikiteleza juu ya gome lililolowa humpata mfanyakazi kwenye kifundo cha mkono, mahali ambapo neva, mishipa ya damu na kano za vidole vyote zimesongamana chini ya ngozi nyembamba. Kiwandani, roli za mashine zinazoponda, kurarua na kukunja majani zikivuta kidole huzisaga neva zake pamoja na nyama. Barabarani, boda boda inayoteleza kwenye udongo mwekundu wakati wa mvua humtupa dereva au abiria akaangukia bega, na bega likisukumwa upande mmoja huku kichwa kikienda upande mwingine, neva zote za mkono huvutwa na pengine kung'oka kwenye mizizi yake. Juu ya hayo zipo ajali za barabara kuu, kama ile ya makutano ya Londiani ya tarehe 30 Juni 2023, ambapo lori lilipoteza mwelekeo na kuua takribani watu 50, wakiwamo wachuuzi na wasafiri waliokuwa kando ya barabara. Idadi ya waliofariki hutangazwa nchi nzima, ilhali walionusurika wakiwa na migongo iliyovunjika huingia katika hesabu isiyosomwa hadharani.

Watu hao na jamaa zao ndio wanaozisikiliza kwa makini zaidi habari za seli shina, yaani seli changa ambazo bado hazijapewa kazi maalumu mwilini, zenye uwezo wa kujigawa na kuzaa seli nyingine kama zenyewe, na pia kuzaa seli zenye kazi yake, kama vile za damu, mfupa, ngozi au neva. Matumaini yanayoambatana na habari hizo yana msingi wa kweli, kwa kuwa katika miaka ya karibuni watu wachache waliopooza wamepata nafuu baada ya kupandikizwa seli hizo chini ya uangalizi wa wanasayansi makini. Hata hivyo, kwa mkazi wa miji ya eneo hilo kama Litein au Sotik swali zito zaidi ni seli hizo zifike lini, katika neva ipi, na mgonjwa awe amekwisha kufanyiwa nini kabla hazijafika, kwa maana katika matibabu ya neva muda ndio unaoamua karibu kila kitu, na seli shina, kwa kadiri zinavyoeleweka leo, ni msaidizi wa yule ambaye muda wake haujapotezwa.

Ili hoja hiyo ieleweke, ni lazima kwanza zitofautishwe sehemu mbili za mfumo wa neva, ambazo zikijeruhiwa hazifanani hata kidogo. Sehemu ya kati ni ubongo pamoja na ugwe mgongo, yaani ule uzi mnene unaoteremka ndani ya mfereji wa mifupa ya uti wa mgongo. Sehemu ya pembezoni ni neva zinazotoka humo kwenda mikononi, miguuni, usoni na katika viungo vya ndani. Neva ya pembezoni imejengwa kama kebo yenye nyuzi maelfu, ambamo kila uzi ni aksoni, yaani mkia mrefu wa seli moja ambayo kiwiliwili chake kimekaa ndani ya ugwe mgongo au kando yake. Aksoni nyingi hufunikwa na seli za Schwann, zilizopewa jina la Theodor Schwann, mwanasayansi wa Ujerumani wa karne ya 19, ambazo huzizungushia utando wa mafuta uitwao mayelini ili ujumbe wa umeme upite kwa kasi. Hivyo seli moja tu inaweza kuwa na kiwiliwili chake shingoni na ncha yake kwenye kidole gumba kinachochuma jani.

Mwaka 1850 daktari Mwingereza Augustus Waller, aliyekuwa akichunguza neva za ulimi wa chura, alionyesha kwamba neva ikikatwa, kipande kilichotengwa na kiwiliwili cha seli hufa na kumomonyoka. Kinachofuata baada ya kifo hicho ndicho kinachoipa neva ya pembezoni bahati ambayo ugwe mgongo hauna. Seli za Schwann zilizo katika kipande hicho haziendi na aksoni, bali hubadili tabia: huacha kutengeneza mayelini, husaidia kusafisha mabaki, hujipanga kwa safu na kutoa kemikali zinazoziita aksoni mpya zichipuke kutoka upande ulio hai. Machipukizi hayo husonga mbele takribani milimita 1 kwa siku, sawa na sentimita 3 kwa mwezi, yakifuata mifereji ileile ya zamani, ikiwa hayakukumbana na kovu njiani.

Hesabu hiyo ndogo inatawala mambo yote yanayofuata. Neva ya kati ya mkono iliyokatwa kifundoni ina safari ya takribani sentimita 18 hadi ncha za vidole, na kwa hiyo hata ikishonwa vizuri siku ileile, hisi za ncha za vidole hazitarajiwi kurudi kabla ya miezi sita hivi. Neva zilizojeruhiwa begani zina safari ya sentimita 60 au zaidi hadi misuli midogo ya kiganja, nao ni mwendo unaokaribia miaka miwili. Hapo ndipo ugumu ulipo, kwa sababu msuli usiopata ujumbe wa neva haungoji: hunyauka, nyuzi zake hugeuka mafuta na kovu, na baada ya miezi 12 hadi 18 kwa kawaida huwa haupokei tena neva hata ikifika mlangoni. Seli za Schwann nazo zikikaa miezi mingi bila aksoni hupungua na kupoteza uwezo wa kuongoza. Mwezi mmoja unaopotea kabla ya upasuaji ni mwezi unaokosekana mwishoni mwa safari, pale msuli unapoukaribia ukomo wake.

Si kila jeraha linahitaji kisu cha daktari. Mwaka 1943, katikati ya Vita Kuu ya Pili, daktari wa upasuaji Herbert Seddon wa Uingereza aliyagawa majeraha ya neva katika ngazi tatu ambazo bado zinatumika: neva iliyobanwa au kutikiswa na kuzimika kwa muda, ambayo hurejea yenyewe katika siku au wiki chache, neva ambayo aksoni zake zimekatika ndani lakini ala yake iko salama, ambayo huota tena polepole, na neva iliyokatika yote, ambayo bila kuunganishwa haitarejea. Ugumu ni kwamba katika siku za kwanza mkono uliolegea wa ngazi ya kwanza na ule wa ngazi ya tatu huonekana sawa kwa macho, na mgonjwa anayeambiwa arudi nyumbani asubiri anaweza kuwa yule wa kwanza au yule wa tatu. Ndiyo sababu mgonjwa wa namna hiyo anapaswa kupimwa tena kila baada ya wiki chache, na asipoonyesha dalili ya kurejea katika miezi mitatu apelekwe kwa mtaalamu wa upasuaji, wakati bado upo muda wa kuokoa msuli. Jeraha la kukatwa kwa kisu, likiambatana na ganzi ya kidole, halitakiwi kungojewa hata hivyo. Hilo hufunguliwa na kuchunguzwa mapema.

Seli shina zinaingia katika hadithi hii kwa kazi mahususi. Neva iliyokatwa na kisu kikali huweza kushonwa ncha kwa ncha, lakini iliyoraruliwa na mashine au kung'olewa katika ajali huacha pengo ambalo haliwezi kuvutwa likafungwa. Matibabu yanayoaminika hadi leo ni kuchukua kwa mgonjwa mwenyewe kipande cha neva isiyo na kazi kubwa, mara nyingi ile nyembamba inayopita nyuma ya shavu la mguu na kuupa hisi ukingo wa unyayo, na kukishona kama daraja katika pengo hilo. Kinachofanya kazi ndani ya daraja ni seli za Schwann zilizo hai zilizokuja nalo. Tatizo ni kwamba neva za kuazima hazitoshi mapengo yakiwa mengi au marefu, na mirija ya kutengenezwa, ambayo hutumika badala yake, hufanya kazi vizuri katika mapengo mafupi tu, kwa kuwa ndani yake hamna seli za kuongoza. Watafiti wanataka kuijaza mirija hiyo seli zinazohitajika.

Njia ya wazi zaidi ingekuwa kukuza seli za Schwann za mgonjwa mwenyewe. Madaktari wa Chuo Kikuu cha Miami waliripoti mwaka 2017 kuhusu wagonjwa wawili waliopata majeraha makubwa ya neva kuu ya mguu, ambao seli zao za Schwann zilikuzwa maabara na kuwekwa pengoni pamoja na vipande vya neva ya shavu la mguu, nao wakapata nafuu ya kiasi bila madhara ya seli hizo. Lakini kuzikuza huchukua wiki nyingi, na huhitaji kukata neva nyingine nzima ili kupata mbegu. Kwa sababu hiyo wengi wamegeukia seli shina za mesenkima, ambazo hupatikana kwa urahisi katika mafuta ya chini ya ngozi na katika uboho, yaani ule utomvu wa ndani ya mifupa, na ambazo zikilelewa maabara katika kemikali maalumu huanza kutenda mambo yanayofanana na ya seli za Schwann: hutoa vichocheo vya ukuaji, hutuliza uvimbe na huhimiza mishipa midogo ya damu kuota.

Matokeo ya maabara yanapendeza, na hapa msomaji anapaswa kuwa mwangalifu. Sehemu kubwa ya matokeo hayo imetoka kwa panya, ambaye pengo la neva yake katika majaribio huwa la sentimita 1 au 1.5, na ambaye aksoni zake humaliza safari katika wiki chache, kabla msuli haujaanza kunyauka. Mkono wa mtu mzima una urefu usiolingana na huo kabisa. Dawa inayomsaidia panya kuvuka pengo bado haijajibu swali la mwaka wa pili wa mkono wa binadamu, na swali hilo ndilo linalomhusu kijana wa boda boda aliyeumia bega. Pengine huduma kubwa zaidi ya seli hizi katika siku zijazo itakuwa kuuhifadhi msuli na mifereji ya neva hadi aksoni zifike, kuliko kuziharakisha aksoni zenyewe. Utafiti wa upande huo upo lakini ni mchanga, nao unastahili fedha na vipaji zaidi kuliko unavyopata.

Ugwe mgongo ni habari nyingine. Santiago Ramón y Cajal, mwanasayansi Mhispania aliyechora seli za neva kwa ustadi usio na kifani, aliandika mwaka 1928 kwamba njia za mfumo wa kati wa neva kwa mtu mzima ni kitu kilichokwisha, kisichoota tena. Baadaye ilionekana kwamba aksoni za ugwe mgongo hazikosi uwezo wa kuota, bali huzuiwa: mayelini ya sehemu hiyo hubeba protini zinazosimamisha ukuaji, mojawapo ikiwa ile iitwayo Nogo, iliyogunduliwa kutokana na kazi ya Martin Schwab na wenzake nchini Uswisi, na mahali pa jeraha hujengeka kovu la seli saidizi lisilopitika kirahisi. Mtu aliyevunjika shingo au mgongo huwa na seli zilizokufa, nyuzi zilizovuliwa mayelini ingawa hazikukatika, na tundu lililojaa maji mahali palipokuwa na tishu. Seli zinazopandikizwa hapo zinatarajiwa kutimiza kazi tatu kwa pamoja, yaani kujaza pengo, kuvisha mayelini nyuzi zilizobaki, na kuunda vituo vipya vya kupokezana ujumbe.

Chanzo cha seli hizo kimebadilika na hatua za sayansi. Mwaka 1998 James Thomson wa Marekani alifaulu kukuza maabara seli shina za kiinitete cha binadamu, yaani mimba ya siku chache tu baada ya kutungwa, jambo lililozua mjadala mkali wa maadili unaoeleweka vizuri katika jamii yoyote yenye dini. Mwaka 2006 Shinya Yamanaka na Kazutoshi Takahashi wa Chuo Kikuu cha Kyoto walionyesha kwamba seli ya kawaida ya panya mzima inaweza kurudishwa katika hali ya uchanga kwa kuingiziwa jeni nne tu, na mwaka uliofuata wakafanya hivyo kwa seli za binadamu. Kazi hiyo ilimpa Yamanaka Tuzo ya Nobel ya mwaka 2012, pamoja na John Gurdon wa Uingereza, na ikaondoa haja ya kutumia kiinitete katika sehemu kubwa ya utafiti.

Majaribio ya seli zilizotokana na kiinitete kwa watu waliojeruhiwa ugwe mgongo yalianza mwaka 2010, pale kampuni ya Geron ya Marekani ilipompandikiza mgonjwa wa kwanza. Mwaka uliofuata kampuni hiyo ilisimamisha mpango kwa sababu za kifedha, na wengine wakauendeleza baadaye. Lililovuta macho zaidi ni jaribio la Chuo Kikuu cha Keio jijini Tokyo, likiongozwa na Hideyuki Okano na Masaya Nakamura, ambalo lilianza Desemba 2021 na kutangazwa matokeo yake Machi 2025. Wagonjwa wanne, wote wakiwa wamepoteza kabisa mwendo na hisi chini ya jeraha, walipandikizwa kila mmoja seli milioni 2 zilizotengenezwa kwa mbinu ya Yamanaka, kati ya wiki ya pili na ya nne tangu kuumia. Hakuna aliyepata madhara makubwa katika mwaka uliofuata. Mmoja aliweza kusimama bila kushikwa na kuanza mazoezi ya kutembea, wa pili akaweza kusogeza baadhi ya misuli ya mikono na miguu, na wawili hawakupata badiliko kubwa. Nchini Marekani, Kliniki ya Mayo iliripoti mwaka 2024 kuhusu wagonjwa kumi waliodungwa kiunoni seli shina za mafuta yao wenyewe, ambapo saba walipanda angalau daraja moja katika kipimo cha kimataifa kinachopanga majeraha ya ugwe mgongo kutoka A, yaani kupooza kabisa, hadi E, yaani hali ya kawaida.

Takwimu hizo zinafurahisha, na si haki kuzibeza. Lakini hakuna hata moja kati ya taarifa hizo mbili iliyokuwa na kundi la ulinganisho, yaani wagonjwa wa hali ileile waliopata matunzo mengine yote isipokuwa seli, ilhali inajulikana vyema kwamba sehemu ya wagonjwa wa daraja A hupata nafuu wenyewe katika miezi ya kwanza, hasa wakipata upasuaji wa mapema na mazoezi ya kila siku. Mtu mmoja kati ya wanne kusimama kunaweza kuwa kazi ya seli, au ya mwili, au ya yote mawili. Japani yenyewe imekwisha kuonja utata huo: Desemba 2018 iliidhinisha kwa masharti tiba iitwayo Stemirac, ya seli za uboho za mgonjwa zinazorudishwa kwa njia ya mshipa wa damu, kwa ushahidi wa wagonjwa 13 tu, na wanasayansi wengi nje ya nchi hiyo wakalalamika kwamba mgonjwa hutozwa sehemu ya gharama ya kitu ambacho bado hakijathibitishwa.

Ikiwa wenye maabara bora duniani wanakwenda kwa tahadhari hiyo, wauzaji wa matumaini hawana udhuru. Familia nyingi za Kenya huchangishana kwa harambee na kwa namba za malipo ya simu ili kumpeleka mgonjwa ng'ambo, na katika nchi mbalimbali zipo kliniki zinazotoza fedha nyingi kwa sindano za seli zisizojulikana zilikotoka, bila jaribio lolote lililosajiliwa na bila kumfuatilia mgonjwa baadaye. Hatari yake imeandikwa katika majarida ya tiba. Mwaka 2009 madaktari wa Israeli waliripoti uvimbe katika ubongo na ugwe mgongo wa kijana aliyedungwa jijini Moscow seli za neva za mimba, nao uvimbe ulikuwa umeota kutokana na seli za watoaji, si zake. Mwaka 2014 iliripotiwa Marekani kwamba mwanamke aliyepandikizwa ugweni seli za ndani ya pua, miaka minane kabla yake, alikutwa na donge linalotoa kamasi mgongoni. Mwaka 2016 ikaripotiwa habari ya mtu aliyetafuta tiba ya kiharusi katika nchi tatu na kuishia na uvimbe uliompooza zaidi. Seli yenye nguvu ya kujigawa inaweza kujigawa bila kukoma, na ndiyo maana Keio walikaa miaka mingi wakizichunguza seli zao kabla ya kumgusa mgonjwa wa kwanza.

Karibu zaidi na nyumbani upo unga wa pakiti unaouzwa mtu kwa mtu kwa jina la seli shina za tofaa au zabibu, ukisifiwa kwamba hutibu kiharusi, kisukari na ganzi ya miguu. Seli ya mmea haiwezi kugeuka neva ya mtu, na iliyomezwa husagwa tumboni kama chakula kingine chochote. Mkulima anayetoa bonasi yake ya chai ya mwaka mzima kununua pakiti hizo huku mzazi wake akikosa dawa ya kisukari, ugonjwa ambao wenyewe huharibu neva za miguu, anaibiwa mara mbili, na ni aibu kwamba biashara hiyo inaendeshwa mchana kweupe.

Kilichopo Kericho na Bomet leo si kidogo. Hospitali ya Tenwek, iliyoanzishwa na wamisionari mwaka 1937 karibu na mji wa Bomet, hufunza madaktari wa upasuaji wa jumla na wa mifupa. Zipo hospitali za kaunti za Kericho, Kapkatet na Longisa, pamoja na ile ya misheni ya Litein. Lakini mtu aliyevunjika uti wa mgongo akihitaji hospitali ya umma iliyojengwa kwa ajili ya jeraha hilo mahususi, anapaswa kusafirishwa hadi Nairobi, zaidi ya kilomita 200, ambako Hospitali ya Kitaifa ya Rufaa ya Majeraha ya Uti wa Mgongo ina vitanda vichache kwa nchi nzima. Kumbuka kwamba wagonjwa wa Keio walipandikizwa seli kabla ya siku ya 28. Katika siku 28 hizo za mwanzo mgonjwa wa mashambani huwa ameinuliwa na wasamaria kwa mikono na miguu bila kushikiliwa shingo, amewekwa kiti cha nyuma cha matatu, amehamishwa hospitali mbili au tatu, na mara nyingi amekwisha kupata vidonda vya kulalia vinavyomwondoa katika sifa za jaribio lolote. Hata seli hizo zingetolewa bure kesho, zingemkuta amechelewa.

Sheria nayo hupima jeraha likiwa limekwisha kukomaa. Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, inayojulikana kama WIBA, humlipa mfanyakazi mwenye ulemavu wa kudumu kwa kuzingatia mapato ya miezi 96 na asilimia ya ulemavu wake, na humtaka mwajiri agharimie matibabu yanayofaa. Mkulima mdogo anayepeleka majani yake kituoni na dereva wa boda boda aliyejiajiri hawamo. Hata walioajiriwa wamelazimika kutafuta haki mbali: wachuma chai wa Kericho walifungua kesi ya pamoja katika mahakama kuu ya madai ya Scotland, mjini Edinburgh, dhidi ya kampuni ya James Finlay (Kenya), wakidai kuumia misuli na mifupa kwa sababu ya hali ya kazi, madai ambayo kampuni iliyapinga. Kesi iliruhusiwa kuendelea kwa pamoja mwaka 2022, kisha mwaka 2023 majaji wa rufani wakaisimamisha ili utaratibu wa Kenya ufuatwe kwanza. Lolote litakaloamuliwa kuhusu kesi hiyo, neva ya mkono haiwezi kungoja mwendo wa mahakama, na sheria ingekuwa na manufaa zaidi kama ingemlazimisha mwajiri kumfikisha aliyekatwa kifundo kwa daktari wa upasuaji katika siku za kwanza, badala ya kukadiria baadaye thamani ya kidole kilichokufa.

Lipo pia jambo la kibiolojia ambalo halizungumzwi vya kutosha. Kinga ya mwili hutambua seli ngeni kwa alama za protini zilizo juu ya seli hizo, ambazo hurithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili. Kituo cha Kyoto kinachohifadhi seli za Yamanaka kilichagua watoaji wachache wenye alama zinazoafikiana na takribani asilimia 40 ya Wajapani, na seli za Keio zilitoka katika hazina ya namna hiyo. Waafrika wana aina nyingi zaidi za alama hizo kuliko watu wa bara lolote, na hazina iliyoundwa kwa Wajapani au Wazungu itawafaa Wakipsigis, Wakisii au Waluo wachache mno, isipokuwa kwa dawa za kukandamiza kinga ambazo zina hatari zake mahali penye kifua kikuu. Anayetaka tiba hii iwafikie watu wa Afrika Mashariki hana budi kutaka watoaji wa seli watoke Afrika Mashariki, na maabara ya kuzilea iwe huku.

Wazo hilo si ndoto. Tanzania imekwisha kuanza kupandikiza uboho, ambao ni tiba ya seli shina iliyothibitishwa kwa miongo mingi katika magonjwa ya damu, kwanza Muhimbili na kisha katika Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma, ambako mwaka 2023 watoto wenye selimundu walianza kupandikizwa. Kericho penyewe kuna kituo cha utafiti cha KEMRI, yaani Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, kilichoshirikiana kwa miaka mingi na taasisi ya Walter Reed ya Marekani, na ambacho kimewafuatilia watu wenye VVU mwaka hadi mwaka katika utafiti ulioanza mwaka 2013 kwenye nchi nne za Afrika. Kumweleza mshiriki haki zake kwa lugha anayoielewa, kuhifadhi sampuli kwenye baridi kali, kumtafuta aliyehama kambi ya shamba la chai ili apimwe tena: huo ndio ustadi ambao jaribio la seli shina linauhitaji, nao tayari upo mjini hapo. Kinachokosekana ni daftari la majeraha ya neva, ambamo kila mgonjwa anayeingia hospitalini angeandikwa siku aliyoumia, neva iliyoguswa, siku aliyofanyiwa upasuaji na alivyo baada ya miezi 6, 12 na 24. Bila daftari hilo hakuna atakayejua kama seli zimeongeza lolote.

Wapo, mwisho, walioumia miaka mingi iliyopita, ambao ukomo wa msuli umekwisha kuwapita na ambao majaribio mengi ya sasa hayawachukui. Hawa ndio wanaolengwa zaidi na wauzaji, na ndio wanaopaswa kuelezwa kwamba kuna tiba ya zamani isiyohitaji seli. Mtu aliyevunjika mfupa wa juu wa mkono na kuharibika neva inayouzunguka, akabaki na kiganja kinachoning'inia, anaweza kufanyiwa upasuaji wa kuhamisha kano, ambapo kano ya msuli unaofanya kazi huchukuliwa na kushonwa mahali pa ule uliokufa, ili msuli huo mzima uinue kifundo au ukunjue vidole. Upasuaji huo haufungwi na kikomo cha miezi 18, na daktari wa mifupa aliyefunzwa anaweza kuufanya bila kumtoa mgonjwa katika kaunti yake. Sharti lake kubwa ni viungo vya mkono viwe havijakakamaa, na hilo hutegemea mazoezi ambayo mtu wa fiziotherapia anaweza kumfundisha mke, mume au mtoto wa mgonjwa tangu wiki ya kwanza, kila kidole kikunjwe na kukunjuliwa mara kadhaa kwa siku, hata mwezi upite bila mkono wenyewe kuitikia.